Kisigino cha Kandambili

Bonifasi alikuwa fundi pikipiki, na kama mafundi wengi wa Ruangwa miaka ile, mdomo wake ulitangulia spana. Kazi hajaiona, keshasema rahisi. Injini hajaifungua, keshakuahidi Jumamosi. Wateja walimzoea, akisema Jumamosi wao wanakuja Jumatano inayofuata, na maisha yakaenda. Taabu ilianza alipoipeleka tabia hiyo ukweni.

Na ukweni kwenyewe ndiko alikokuwa anaishi. Alizaliwa Kiegei, upande wa Nachingwea, akaoa Likunja, na kwa desturi ya watu wale mume ndiye anayehamia kwa mke. Alijenga nyumba ya vyumba viwili ubavuni mwa nyumba ya mama mkwe wake, Mama Domitila, na kila asubuhi alipanda baiskeli kwenda gereji yake mjini. Mwenye sauti pale nyumbani hakuwa yeye, wala mkewe Winfrida. Alikuwa Mzee Eustakio, kaka yake Mama Domitila, mjomba mtu. Mzee huyu akija hukaa kwenye kiti chenye mgongo, huomba maji, kisha huuliza mkwe amefanya kitu gani cha kuonekana tangu aje. Aliuliza hivyo kila alipokuja, hata mwaka ule Bonifasi alipoezeka nyumba kwa bati.

Mama Domitila hakuwahi kuuliza. Tena Bonifasi hakuwahi kumtazama machoni. Usidhani walikuwa na ugomvi, ilikuwa heshima. Wakikutana njiani, mkwe anaingia majanini mpaka mama apite. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na wakiwa na neno la kuambiana linapitia kwa Winfrida, hata kama wote watatu wako uani na kila mtu anasikia. Mama atasema, Winfrida, mwambie mumeo kuku wameingia kwenye mahindi. Na mume, aliye karibu na mahindi kuliko mtu yeyote, atasubiri aambiwe na mkewe ndipo awafukuze. Mgeni angecheka. Bonifasi hakucheka. Kule kukwepwa kulimpa hadhi ambayo gereji haikumpa. Kulikuwa na mtu mzima, mwenye heshima zake, aliyejifunika kanga kichwani kila alipomwona yeye.

Zamani Mama Domitila alikuwa nesi wa watoto. Alizunguka Matambarale na vijiji vya jirani kwa pikipiki, sanduku la chanjo limefungwa nyuma, wakati ambapo mwanamke juu ya pikipiki alikuwa kioja cha kutosha kusimamisha mnada. Pikipiki yenyewe ilikuwa ya Kijapani, aliachiwa na daktari wa misheni aliyerudi kwao Ulaya. Watoto waliiita Chanjo, na wakisikia mlio wake walikimbilia kwenye mihogo. Baadaye lilikuja gari la kazi ile, Chanjo ikaegeshwa chini ya ghala la mahindi, na ikakaa humo miaka na miaka mpaka kuku wakazoea kutagia juu ya kiti.

Ndipo Kwaresima ya mwaka elfu mbili na mbili Mzee Eustakio akaja na habari kwamba lori la wanunuzi wa chuma chakavu litapita Likunja baada ya Pasaka. Alisema ule uchafu ulio chini ya ghala sasa utapata mwenyewe. Mama Domitila aliinuka. Alikwenda chini ya ghala, akawafukuza kuku, akasimama kidogo huko, na usiku ule hakula.

Bonifasi alipoambiwa na mkewe kwamba mama hajala, kifua kilimjaa. Angeweza kusema ataitazama pikipiki. Angeweza kusema atajaribu. Lakini alimfuata Mzee Eustakio palepale kwenye kiti chake, mbele ya nusu ya ukoo, akamwambia chuma hakiuzwi, Jumatatu ya Pasaka Chanjo itawaka na mama ataipanda.

Mzee alimtazama kutoka juu mpaka chini. Alisema vizuri, yeye na ndugu wote watakuja kula Pasaka hapo na kushuhudia. Ikiwa nzima, hatauliza tena mkwe amefanya nini. Isipokuwa nzima, lori lichukue chuma na mkwe arudi Kiegei akawaahidi mama yake na shangazi zake. Watu walicheka, na Bonifasi alicheka nao, lakini kila mtu pale alijua kwamba mjomba hatanii.

Haki yake apewe, kazi aliifanya. Injini haikuwa imekwama. Aliifungua, akaifuta, akairudisha. Tangi alilitia kokoto akalitikisa mpaka kutu yote ikatoka. Kabureta aliichemsha, waya alizibadilisha, breki ya nyuma akaisafisha hadi ikashika vizuri. Jumapili ya Matawi alipiga kiki kwa muda mrefu, Chanjo ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikaunguruma. Mama Domitila alitoka ndani na mwiko mkononi. Alipomwona mkwe wake alivuta kanga usoni, lakini Winfrida alimwambia Bonifasi baadaye kwamba chini ya kanga ile mama alikuwa analia. Siku hiyo Bonifasi alitembea kijiji kizima akiwa amevaa shati lenye mafuta, kwa makusudi.

Ilibaki breki ya mbele.

Breki ile haikuwa ya ngoma iliyofichwa ndani ya gurudumu kama pikipiki nyingi za kwetu enzi hizo. Ilikuwa ya sahani. Sahani ya chuma inazunguka na gurudumu, na kalipa, bonge la chuma lenye mdomo, linaiuma. Ndani ya kalipa mna pistoni mbili zinazotazamana, fupi na nene kama vikombe vya kahawa. Ukibana mkono wa breki kwenye usukani, mafuta yanazisukuma pistoni, pistoni zinazisukuma pedi, pedi zinaibana sahani, unasimama. Lakini mafuta ya breki yakikaa muda mrefu bila kazi huvuta maji, na maji huleta kutu. Pistoni za Chanjo zilikuwa zimeshikana na kalipa utadhani zilimiminwa pamoja.

Bonifasi alizilowesha kwenye mafuta ya taa, hazikujongea. Alizilowesha kwenye dizeli. Aliigonga kalipa kwa nyundo, akaiweka juu ya jiko la mkaa mpaka Winfrida akalalamika kwamba uji wa mtoto wao Doreen unanuka gereji. Mwisho alichukua praizi akaing'ata pistoni moja ukingoni na kuizungusha kwa nguvu zake zote. Praizi iliteleza, ikamchana kidole na kuacha mikwaruzo kwenye pistoni. Alhamisi Kuu ikapita hivyo, Ijumaa Kuu akaenda kanisani na kalipa kichwani, maana njia nzima ya msalaba hakuwaza kitu kingine.

Na dawa aliijua, hapo ndipo penye aibu ya kwanza. Pistoni iliyokwama namna ile inasukumwa kutoka nyuma, kwa bomba la grisi linalofungwa kwenye tundu la mafuta. Grisi haina haraka, inajaa, inabana, na chuma kinasogea chenyewe. Aliwahi kuiona kazi hiyo kwa macho yake Nachingwea, alipokuwa anajifunza kwa Fundi Masoudi kwenye karakana ya matrekta. Bomba lilikuwepo huko, na bolti iliyotobolewa ya kulifungia ilikuwepo. Lakini Bonifasi alipoondoka kwa Masoudi hakuaga vizuri. Alitangaza kwa wateja kwamba yule mzee anajua matrekta ya mkoloni tu, anayetaka fundi wa kisasa amfuate yeye Ruangwa. Sasa arudi akaseme nini? Kila asubuhi ya juma lile alijiambia atapanda lori kesho. Mvua ilimpa sababu, barabara ilimpa sababu, na sababu zilipokwisha, lori la Jumamosi lilikuwa limeshaondoka.

Jumatatu ya Pasaka asubuhi ndugu walianza kuwasili. Bonifasi alikuwa nyuma ya ghala na Chanjo, amepiga magoti. Alizipiga msasa pedi hadi sahani ikazunguka bila kukwaruza. Kalipa aliing'arisha ikameta, pistoni zimekufa ndani yake. Alitia mafuta mapya kwenye kikopo cha juu ili yaonekane. Tatizo likawa mkono wa breki, ulikuwa unabanika mpaka mwisho kama mkono wa mtu aliyezimia, na mtoto mdogo angejua hakuna kitu. Alitafuta kipande cha mpira hakukiona, na tayari alisikia sauti ya Mzee Eustakio akiomba maji. Akavua kandambili yake ya bluu ya mguu wa kulia, akakata kipande cha kisigino kwa kisu, akakichomeka nyuma ya mkono wa breki pasipoonekana. Akabana. Mkono ulifika katikati ukagota, imara kabisa, utasema breki mpya.

Alijiambia hakuna ubaya. Mama ataketi juu yake, injini itaunguruma, watu watapiga vigelegele, mjomba atafunga mdomo. Mama mwenyewe ana miaka sitini na kitu, hataendesha. Wiki ijayo ataenda Nachingwea kimyakimya, ataimaliza kazi, na hakuna atakayejua. Alivaa kandambili yake iliyopungua kisigino na kuisukuma Chanjo uani.

Vigelegele vilipigwa kweli. Mzee Eustakio aliinuka kwenye kiti, akaizunguka pikipiki, akagusa tangi jekundu, akatikisa kichwa. Kisha Mama Domitila akatoka ndani, na vigelegele vikageuka kicheko cha mshangao. Alikuwa amevaa suruali chini ya gauni, na mabuti ya mvua, na kanga ameifunga kichwani kwa fundo la mtu anayekwenda kazini.

Alipanda. Akapiga kiki mara moja, Chanjo ikaitika. Kisha, bila kutazama, kama mtu anayejikuna, mkono wake wa kulia ukabana breki ya mbele. Ukaachia. Ukabana tena, taratibu zaidi. Mama Domitila akaacha kutabasamu. Akainua uso, na kwa mara ya kwanza tangu Bonifasi amwoe binti yake, akamtazama moja kwa moja machoni.

Alimtazama kwa muda. Watu walidhani machozi yanamlenga. Bonifasi alikuwa amesimama na mkewe bega kwa bega. Neno moja tu lilitakiwa, tena halikuwa lazima alimwambie mama mwenyewe, angemwambia Winfrida kama siku zote. Mwambie mama ashuke. Lilimfika kooni. Akamwona Mzee Eustakio kwa pembe ya jicho, akalimeza. Akatazama chini, na alichokiona huko chini ni kandambili yake.

Mama Domitila akatia gia akaondoka.

Njia ya Likunja inatoka uani pale, inapita kwenye mikorosho, kisha inateremka kwenye udongo mwekundu kuelekea kijitoni. Mvua ilinyesha alfajiri. Walisikia mlio ukipungua kwenye mikorosho, wakasikia ukibadilika kwenye mteremko, kisha wakasikia kishindo na injini ikalia peke yake. Bonifasi alikimbia mbele ya wote. Mguu wa kulia ulikuwa unateleza kwenye kandambili iliyokosa kisigino, akaivua akaitupa, akakimbia peku.

Walimkuta mama ameketi kwenye mtaro, matope mpaka kifuani, ameukumbatia mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Chanjo imelala kando. Kifundo cha mkono kilikuwa kimepinda vibaya. Winfrida alianguka magotini na kulia. Mzee Eustakio, akihema, aliuliza imekuwaje, breki vipi.

"Mbuzi," Mama Domitila alisema. "Amekatiza mbuzi."

Hakumtazama tena Bonifasi. Alivuta kanga yake iliyolowa akajifunika mpaka machoni, akapelekwa kituo cha afya kwenye baiskeli ya jirani. Bonifasi alibaki kuinyanyua pikipiki. Kitu cha kwanza alichokitafuta, na hilo ndilo lililomwumiza siku nyingi baadaye, hakikuwa damu ya mama wala kiatu chake kilichonasa kwenye matope. Alitafuta kile kipande cha bluu nyuma ya mkono wa breki. Hakikuwepo. Alipapasa mtaro wote kwa mikono, akachimba matope kwa vidole, hakukiona. Akarudi nyumbani akisukuma Chanjo, na njiani watu walimpa pole kwa ajali ya mama mkwe wake, na kumsifu kwa pikipiki.

Sifa zile zilikuwa mbaya kuliko matusi. Mzee Eustakio, mtu wa neno lake, alimwita mbele ya ndugu akasema pikipiki ameiona, imewaka na imeendeshwa, na ya mbuzi si kosa la fundi. Hatauliza tena. Bonifasi alishukuru akiinama. Soni ilimpanda mpaka masikioni, akajifanya ana kazi nyuma ya ghala.

Lakini Mzee Eustakio si mtu wa kuacha jambo. Mbuzi, alisema, ana mwenyewe. Akaanza kuuliza ni mbuzi wa nani, na Likunja upande ule mwenye mbuzi wanaozurura ni mmoja, Mzee Kaimu, mpole wa watu, ambaye shamba lake la ufuta linapakana na mteremko. Mzee Kaimu alisikitika. Hakukataa wala hakubisha, alisema beberu wake ana kichwa kigumu na amekuwa akimwogopea siku nyingi. Alimfunga kamba, akamwacha akilia kwenye kigingi, na Alhamisi alikuja ukweni kwa Bonifasi na jogoo mweupe kwapani kumpa pole mama na kuomba radhi.

Jogoo akachinjwa na Mzee Kaimu mwenyewe, kwa kuwa ni Mwislamu, ili wote wapate kula. Wanaume waliketi mkekani, Mzee Eustakio, Mzee Kaimu na Bonifasi. Mama Domitila alikuwa kwenye baraza la jikoni, mkono umefungwa plasta, amewapa mgongo kama ilivyo ada. Winfrida alileta ugali na mchuzi, akanawisha mikono, kisha akaweka mbele ya mumewe kisahani peke yake. Juu ya kisahani kulikuwa na firigisi.

Kwa watu wa kule firigisi haiguswi na yeyote ila anayeheshimiwa. Ukimpa mkwe firigisi umemwambia mengi. Mzee Kaimu aliitazama akatabasamu, akasema ale, mkwe, ale, hiyo ni haki yake, bila yeye mama asingepanda pikipiki tena duniani.

Bonifasi aliichukua. Ilikuwa ya moto. Aliipeleka mdomoni, akaiuma, na taya likakataa. Alikaa hivyo, firigisi iko kwenye shavu, machozi yakaanza kumtoka kwa kasi ambayo pilipili haiwezi kuieleza. Huko kwenye ufuta beberu alisikika akilia kwa kamba. Akaitoa firigisi, akairudisha kisahanini, jambo ambalo mkekani pale hakuna aliyewahi kuliona likifanywa.

"Mzee Kaimu," alisema, "mbuzi wako hakuwepo."

Mzee Eustakio aliacha tonge njiani. Bonifasi akasema yote. Alisema pistoni zilikwama, alisema pedi, alisema kandambili. Alisema alimwona mama akibana breki na alijua, na alikuwa na muda wa kumwambia Winfrida, na hakumwambia. Winfrida alikuwa amesimama na birika mkononi, maji yakimwagika juu ya miguu yake asijue.

Mzee Kaimu ndiye aliyesema kwanza, kwa unyonge. Alisema basi beberu amefungwa siku zote hizi kwa kosa la watu. Bonifasi angeona nafuu kama mzee huyo angempiga.

Mzee Eustakio alinawa mikono, akaikausha polepole. Alisema kesho mkwe afungashe, arudi Kiegei. Winfrida na Doreen watabaki, wao ni wa nyumba hii.

"Bonifasi."

Sauti ilitoka barazani. Walidhani wamesikia vibaya, maana hakuna mama mkwe anayemtaja mkwe wake kwa jina. Mama Domitila alikuwa ameinuka. Kanga ameiteremsha mabegani, kichwa kiko wazi, mvi zote nje. Alikuja mpaka ukingoni mwa mkeka akasimama mbele yake, akafungua kiganja cha kushoto. Ndani ya kiganja kulikuwa na kipande cha mpira wa bluu.

"Nilikitoa nikiwa mtaroni," alisema, "kabla wewe na kaka yangu hamjafika. Mkono huu ulibana ile breki miaka, Bonifasi. Nilijua pale pale."

Bonifasi aliuliza, akiwa ameinama hadi uso karibu uguse mkeka, kwa nini basi aliondoka.

"Nilikuwa nakusubiri uniite. Nilisema moyoni, akifungua mdomo tu nashuka, nitawaambia watu nimechoka, uzee. Nilikusubiri. Ukatazama kandambili."

Hakuna mtu aliyemshika Bonifasi. Alikaa na aibu yake hapo mkekani mbele ya wote, na kitu kilichomtia uchungu zaidi ya maneno yale ni uso wa mama mkwe, ulio wazi, uliomtazama bila kujificha. Alitamani majani ya kuingia ili ampishe apite. Mtu hujifunika kwa yule anayemheshimu. Mama Domitila hakuwa na sababu tena ya kujifunika.

Kisha mama akamgeukia kaka yake, akasema Chanjo ni yake na haiuzwi, na huyu kijana ataondoka, lakini si kesho. Ataondoka siku breki ya mbele itakaposhika. Hawezi kumwachia kazi nusu.

Ijumaa Bonifasi alipanda lori la Nachingwea. Alimkuta Fundi Masoudi chini ya trekta, akasubiri mpaka atoke. Njia nzima alikuwa ametunga maneno mazuri ya kuingilia, alipomwona yote yalipotea akasema tu kwamba ameshindwa kutoa pistoni na mtu ameumia. Masoudi alimtazama. Hakumkumbusha chochote, ingawa mtu mwingine angemkumbusha. Aliingia ndani akatoka na bomba la grisi, bolti yenye tundu na mipira ya pistoni aliyokuwa nayo kwenye kopo, akamwambia pistoni iliyo laini itatoka kwanza, aizuie kwa jiriwa, chuma cha kubania kwa skrubu, vinginevyo nguvu yote itapotelea kwake na ngumu itabaki.

Alifanya kazi ile uani, si nyuma ya ghala. Mama Domitila aliketi kwenye kigoda mbele yake, kichwa wazi, akimtazama. Alimsemesha yeye mwenyewe. Bonifasi, leta tambara. Bonifasi, usiharakishe. Kila alipotajwa jina, mabega yalimshuka. Winfrida alipita huku na kule bila kazi ya kupeleka maneno, na usiku alilala amegeukia ukutani.

Grisi iliingia taratibu. Mpini wa bomba ukawa mgumu, ukawa mgumu zaidi, kisha pistoni moja ikasogea kwa upana wa ukucha. Aliizuia kwa jiriwa kama alivyoelekezwa. Akarudia. Ile ya pili, aliyoikwaruza kwa praizi, ilikaa kimya hata akadhani bomba litapasuka. Ndipo ikatoa mlio mdogo wa kukwangua, ikaanza kuja, chafu, ya kahawia, na alipoipokea kiganjani Bonifasi hakufurahi. Alijua kila pistoni inayotoka inamsogeza Kiegei. Angeweza kuchelewesha. Alizisafisha siku hiyo hiyo, akazipiga msasa laini kwenye maji mpaka mikwaruzo ikapungua, akavisha mipira mipya, akatia pedi mpya, akapampu mafuta na kutoa hewa mpaka giza likaingia, na asubuhi akamalizia.

Mzee Eustakio aliitwa. Mzee Kaimu pia, ambaye Bonifasi alikuwa amempelekea jogoo na kumfungulia beberu kwa mikono yake mwenyewe mbele ya watoto waliokuwa wakicheka. Doreen alibebwa. Mfuko wa nguo za Bonifasi ulikuwa tayari mlangoni.

Mkono wa breki uko kulia, na mkono wa kulia wa mama ulikuwa kwenye plasta. Ilimbidi aketi upande na kuupitisha wa kushoto juu ya usukani. Alipapasa kwanza nyuma ya mkono wa breki kwa vidole. Hapakuwa na kitu. Akamwambia Eustakio aisukume pikipiki, Eustakio akaisukuma, mama akabana, na Chanjo ikasimama palepale, ikainamisha pua. Mzee akaisukuma tena kwa hasira zake zote. Ikasimama.

Mama Domitila akaachia. Akashuka polepole. Bonifasi akainama akachukua mfuko wake, miguuni zile kandambili za bluu, ya kulia ameiokota kwenye mikorosho, ina pengo kisiginoni ambalo Likunja nzima sasa ililijua.

Ndipo mama akashika kanga yake kwa mkono mzima, akaivuta kutoka mabegani mpaka kichwani, mpaka usoni, akageukia pembeni asimwone.

"Winfrida," alisema, "mwambie mumeo asinunue kandambili nyingine. Nataka kuziona hizo hizo hapa uani."

Winfrida akamgeukia mumewe, aliyekuwa amesimama hapo hapo, akamwambia neno kwa neno. Bonifasi akauweka mfuko chini, akamwambia mkewe amwambie mama kwamba amesikia.